Baba alikuwa na kisukari, kaka anacho: je, nami nikapime?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 36, ninaishi Pasiansi, jijini Mwanza, na ninafanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Majibu unayowapa wengine nimeyasoma kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nitakuwa na langu la kukuuliza.

Baba yetu alifariki akiwa na miaka 61. Alichomwa na msumari akiwa shambani Sengerema, na kwa kuwa hakusikia maumivu hakujua hata kwamba amechomwa mpaka alipoona damu kwenye kandambili. Kidonda kile alikitibu kwa dawa za kienyeji zaidi ya mwezi mmoja, na tulipomvusha kumleta hospitali hapa mjini ndipo tukaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana sukari, tena iko juu sana. Mguu ulikatwa chini ya goti, akaanzishwa sindano za insulini, na baada ya miezi saba tukamzika. Shangazi yetu, dada yake baba, naye alikuwa na sukari, na miaka yake ya mwisho alikuwa haoni. Mwaka jana kaka yangu, ambaye ana miaka 43 na ni dereva wa malori, aligundulika naye. Yeye anakunywa vidonge na anaendelea na kazi.

Tangu hapo kaka hana salamu nyingine. Amenunua mashine ndogo ya kupimia sukari, na kila akija nyumbani huiweka mezani na kuniambia nilete kidole. Mimi nakataa. Sioni kama naumwa: sina kiu isiyo ya kawaida, usiku nalala, kazi nafanya. Ni kweli nimenenepa. Juzi nilijipima kwa utani kwenye mizani ya magunia ya dagaa ikasoma kilo 84, wenzangu wakacheka. Shingo nayo imefanya weusi kwa nyuma usiotoka hata nikisugua kwa dodoki, lakini hilo nadhani ni jua la sokoni. Watoto wangu nilijifungua salama wote, na wa pili alizaliwa na kilo 4.4 hadi wakunga wakanisifu. Sasa mume wangu anataka tupate wa tatu, nami nimekubali.

Mume wangu anasema usiwaamshe waliolala, ukiwaamsha utalala wewe. Mimi sikuwa mtu wa kuogopa, Mama, lakini kila nikifikiria kupima naiona ile siku ya baba, kwa sababu kwa macho yangu siku aliyopimwa ndiyo siku aliyoanza kufa. Naogopa pia maneno ya wakwe, wasije wakasema wameoa kwenye ukoo wenye maradhi. Naomba unieleze ukweli: nikapime, au nimwachie Mungu? Na kama ni kupima, mashine ya kaka si inatosha?

Muuza dagaa, Mwaloni

---

Marahaba, mwanangu. Pole kwa baba, na pole kwa shangazi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nitakujibu kwanza kabla ya kueleza: ndiyo, kapime, na upime kabla hujaacha njia ya uzazi wa mpango unayotumia kwa ajili ya mtoto huyo wa tatu. Lakini naona sababu zinazonifanya niseme hivyo si zile ulizoziandika kwa herufi za hofu. Zipo katika mambo mawili uliyoyataja kwa kupitia tu, na moja umelitaja kama sifa.

Nianze na hilo la sifa, yaani mtoto wa kilo 4.4. Huku kwetu mtoto mkubwa ni furaha ya ukoo mzima, na mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya uuguzi, nimewasifu akina mama wengi kwa watoto wa namna hiyo kabla sijafundishwa kuuliza swali la pili. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, ilhali insulini ya mama, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haipiti. Kwa hiyo mama mwenye sukari nyingi humlisha mtoto sukari nyingi, na kongosho changa la mtoto hulazimika kutengeneza insulini ya ziada, ambayo hugeuza chakula hicho kuwa mafuta na nyama. Ndiyo maana mtoto anayezaliwa na kilo 4 au zaidi huwafanya wauguzi wajiulize kama mama alikuwa na kisukari cha ujauzito ambacho hakikupimwa. Sisemi kwamba ulikuwa nacho, kwa sababu wapo watoto wakubwa wa mama ambao sukari yao haikuwa na tatizo lolote. Nasema kwamba hukuniandikia kama ulipimwa sukari wakati wa mimba ile, na ninashuku hukupimwa. Na mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito, hata kama kilitoweka alipojifungua, hubaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kukipata cha kudumu miaka inayofuata.

Kisha shingo. Jua la Mwaloni nalijua, lakini jua huunguza uso na mikono kabla halijaitafuta nyuma ya shingo iliyofunikwa na kitenge. Weusi wa aina unayoieleza, ambao hautoki kwa kusugua na mara nyingi ngozi yake huwa nene na laini kama mahameli, huonekana shingoni na kwapani kwa watu ambao miili yao imeanza kuwa mikaidi kwa insulini. Mwili ukikaidi, kongosho huongeza uzalishaji ili kuulazimisha, na insulini hiyo iliyozidi huichochea ngozi. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi huku sukari yake ikisoma vizuri, kwa kuwa kongosho linajitahidi. Tatizo huanza linapochoka. Nisingependa uniamini kwa barua, kwani ngozi haipimwi kwa kusomwa. Mwonyeshe daktari shingo hiyo siku utakayokwenda, na acha kuisugua, maana dodoki litaiumiza bure.

Sasa nirudi kwa baba, kwa sababu nadhani hapo ndipo ulipofungwa. Umesema siku aliyopimwa ndiyo siku aliyoanza kufa. Isome tena barua yako mwenyewe, mwanangu: msumari ulimwingia mguuni asisikie. Ganzi ya namna hiyo haiji kwa wiki moja. Mishipa ya fahamu ya miguu huharibika taratibu kwa sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu, mara nyingi kwa miaka. Kwa hiyo siku ile hospitalini ugonjwa haukuanza, ulitajwa jina tu, na ulitajwa ukiwa umeshafika mguuni. Baba yako hayuko peke yake katika hili. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa wa kisukari uliofanyika Uingereza, ambao uliwahusisha watu zaidi ya 5,000 na matokeo yake makuu kutolewa mwaka 1998, karibu nusu ya waliokuwa ndiyo kwanza wamegundulika walikutwa tayari wana dalili za madhara mwilini. Hao walikuwa watu wa nchi yenye zahanati kila mtaa. Na insulini, ambayo najua wengi pale sokoni huiita hatua ya mwisho, ililaumiwa kwa baba kwa sababu ilifika mwisho. Ingefika mapema ingekuwa na habari nyingine. Linganisha na kaka yako, aliyegundulika akiwa mzima, anayemeza vidonge na kuendesha lori. Wote wawili ni watoto wa ukoo mmoja, ila mmoja alikuta mlango bado uko wazi.

Methali ya mumeo ni nzuri, na kwa mambo ya ugomvi wa majirani ningemuunga mkono. Kwenye kisukari haifai, kwa sababu huyu hajalala. Anafanya kazi kimyakimya.

Kuhusu urithi, usiubebe kama hukumu. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachoelekea kuwa cha baba na kaka yako, hakirithiwi kama rangi ya macho. Kinachorithiwa ni wepesi wa kukipata, unaotokana na vinasaba vingi kwa pamoja, na kwa makadirio ya jumla mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja anacho huwa na uwezekano wa mara mbili hadi tatu kuliko asiye na historia hiyo. Wewe una mzazi na kaka, na shangazi juu yake. Pamoja na vinasaba mnarithishana chungu pia: mlichozoea kula, kiasi mnachopakua, na kukaa kitako siku nzima nyuma ya magunia. Ndiyo maana wakwe wasikutishe. Akisema mtu kwamba ukoo wenu una maradhi, mwulize kwa heshima ni lini mara ya mwisho ukoo wake ulipimwa.

Hili la mtoto wa tatu ndilo linalonifanya nikuharakishe. Moyo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika katika wiki nane za kwanza, wakati ambapo akina mama wengi ndiyo kwanza wanahesabu siku na kujiuliza. Sukari ikiwa juu sana katika wiki hizo bila mama kujua, huongeza uwezekano wa mimba kuharibika na wa mtoto kuzaliwa na kasoro, na hakuna kliniki utakayoanza mwezi wa tatu au wa nne itakayorudisha wiki zile nyuma. Ukipima kabla na ikaonekana iko sawa, utabeba mimba kwa amani, kisha utapimwa tena kati ya wiki ya 24 na ya 28, ambapo kisukari cha ujauzito hutafutwa. Ikionekana iko juu, mtasubiri miezi michache, mtaishusha, ndipo mbebe. Mweleze mumeo kwa maneno hayohayo. Nadhani mwanamume anayetaka mtoto atalisikia la mtoto kabla ya kulisikia la sukari, na kama ni mwungwana atakwenda nawe na kutoa mkono wake pia.

Kuhusu mashine ya kaka: ni chombo kizuri kwa mtu ambaye tayari anajulikana ana kisukari na anataka kufuatilia hali yake, lakini si ya kukutangazia ugonjwa wala kukuondolea shaka. Damu ya kidoleni iliyopimwa saa nane mchana baada ya chapati na soda haijibu swali lako. Lipo pia jambo ambalo familia nyingi hulipuuza: kisindano cha kutobolea kidole ni cha mtu mmoja. Kinaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, hata kama ni ndugu wa damu na hata kama kimefutwa kwa spiriti. Mwambie kaka kwamba upendo wake umeufahamu, ila kidole utakipeleka kwingine.

Utakachofanya ni kwenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, asubuhi, ukiwa hujala wala kunywa chochote chenye sukari kwa saa nane au zaidi. Maji matupu yanaruhusiwa. Chai hairuhusiwi, hata ya rangi isiyo na sukari ni afadhali uiache. Najua biashara ya dagaa huanza alfajiri, kwa hiyo chagua siku ambayo mzigo si mwingi, umwachie mwenzio meza kwa saa mbili, na usiende siku una homa au unatibiwa malaria, kwani mwili ukiwa unapambana na ugonjwa sukari inaweza kupanda kwa muda na kukutisha bure. Waeleze kwamba baba na kaka wana kisukari, kwamba ulijifungua mtoto wa kilo 4.4, na kwamba unapanga mimba. Maneno hayo matatu yatawafanya wakupime kwa makini zaidi kuliko ukisema umekuja kuangalia afya tu.

Majibu yatakuja kwa namba, na ni vizuri uzijue kabla ili usizisikie kama tangazo la msiba. Kabla ya kula, sukari iliyo chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni ya kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni mpakani: si kisukari, lakini mwili unagonga mlango. Kuanzia 7.0 na kuendelea ni kisukari, ila kwa mtu asiye na dalili kama wewe hakuna daktari makini atakayekuandika mgonjwa kwa kipimo kimoja. Atakirudia siku nyingine. Kwa kuwa una mambo haya matatu kwa pamoja, uliza pia kama wanaweza kukupa kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, ambapo 11.1 na zaidi huthibitisha kisukari na kati ya 7.8 na 11.0 huonyesha mwili unaoshindwa kuimeza sukari upesi. Wapo watu ambao kabla ya kula wanasoma vizuri na hugundulika kwa kipimo hiki tu. Kisipopatikana hapo kituoni, uliza katika hospitali kubwa za hapa jijini, kama Sekou Toure au Bugando.

Kuna kipimo kingine ambacho huenda utapewa, cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ambacho maabara hukiandika HbA1c, na ambacho asilimia 6.5 na zaidi humaanisha kisukari. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji kufunga. Hata hivyo husoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, na hapa Kanda ya Ziwa watu wenye vinasaba vya selimundu ni wengi, mara nyingi bila wao kujua, sawa na akina mama wenye upungufu wa damu. Kwa watu hao kipimo kinaweza kudanganya, kikapandisha au kikashusha. Ukipewa hicho peke yake na kwenu kuna mtoto wa selimundu, useme.

Sasa tuseme namba imeangukia mpakani, jambo ambalo kwa mtu wa hali yako halitanishangaza. Hapo ndipo ninapopenda kuliko pote, kwa kuwa ndipo mtu ana nguvu kubwa kabisa. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa juu bila kufikia kisukari. Waliofundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, ambayo kutembea kwa haraka kunatosha kabisa, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 katika kipindi cha takriban miaka mitatu. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo zako 84 ni kilo sita hivi. Ile mizani ya magunia iliyowachekesha wenzako itakusaidia kuzihesabu.

Chakula hakitakukimbia. Watu huogopa kupima kwa sababu wanadhani wataambiwa waage ugali, nami sijawahi kumwambia Msukuma aage ugali. Dagaa, sato na sangara wenyewe hawana shida na sukari, mradi sufuria ya mafuta isiwe ziwa la pili. Kinachopunguzwa ni kimo cha ugali, na mboga za majani ndizo zinazopanda kujaza nafasi. Dona ni bora kuliko sembe, lakini nayo hupandisha sukari, kwa hiyo mlima wa dona bado ni mlima; michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vilevile, ingawa hakuna aliyetia sukari. Soda ndiyo ningeiondoa kesho bila kusubiri majibu yoyote, kwa sababu chupa moja ina takriban vijiko saba vya chai vya sukari au zaidi, na pale sokoni kwenye joto mtu hunywa mbili bila kuzihesabu.

Ikiwa imefika kwenye kisukari chenyewe, utaanza pale kaka alipoanza, na si pale baba alipoanza. Ila mimba ingoje mpaka daktari aseme sukari imetulia, na vidonge vyovyote utakavyopewa umwulize kama vinafaa kwa anayepanga kubeba. Ikiwa iko kawaida kabisa, usiichukue kama cheti cha maisha: rudia angalau kila baada ya miaka mitatu, na ukiwa mjamzito usingoje muda huo. Na wakati wowote ukianza kiu isiyoisha, kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, au kukonda bila sababu, nenda siku hiyohiyo, ukiwa umekula au hujala.

Umeniuliza kama umwachie Mungu. Mwachie, mwanangu, ila uende kituoni ukiwa na tumbo tupu.

Karatasi ya majibu uiweke pamoja na kadi ya kliniki ya yule mtoto wako wa kilo 4.4, na zote mbili uzibebe siku ya kwanza utakapokwenda kliniki kwa ajili ya huyo mdogo wake.